Vipimo vya kinga katika mimba changa: kipi kinatuambia kitu?

Waheshimiwa wenyeji wetu, wakunga na madaktari wenzangu, akina mama na akina baba mliofika: shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kinga ya mwili katika wiki za mwanzo za ujauzito. Barua ya mwaliko ilikuja na swali lake kabisa: je, damu ya mama inaweza kutuambia mapema kwamba mimba itatoka? Nitalijibu sasa hivi, ili anayelazimika kuondoka kabla sijamaliza asiondoke mikono mitupu. Kwa sehemu kubwa, bado haiwezi. Kuna kundi moja la kingamwili, yaani protini ambazo kinga hutengeneza ili zishike kitu fulani, ambalo tukilikuta kwa mama tunajua la kufanya, na tukifanya hivyo mimba nyingi husalimika. Viashiria vingine, na ni vingi kwelikweli, vinatufundisha mengi kuhusu mimba inavyojengeka, lakini mama akishapimwa na kuambiwa "kiko juu" hatuna la maana la kumfanyia. Muda uliobaki ni wa kueleza kwa nini nasema hivyo.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Kati ya mimba 100 ambazo mama ameshapima na kuthibitisha kwamba ni mjamzito, kama 15 hutoka zenyewe. Mwaka 2021 jarida la tiba la Lancet lilichapisha makadirio ya dunia nzima: mimba milioni 23 kwa mwaka, sawa na 44 kila dakika. Hapo tunahesabu zile zilizojulikana tu. Mwaka 1988 Allen Wilcox na wenzake wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti ambao wanawake waliokuwa wakitafuta mtoto walikusanya mkojo kila siku, ili homoni ya mimba ikamatwe hata kabla hedhi haijachelewa. Walikuta kwamba mimba 31 katika kila 100 zilipotea, na 22 kati ya hizo 31 zilipotea kabla hazijatambuliwa na yeyote. Mama aliona hedhi yake kama kawaida, akaendelea na shughuli zake.

Sababu inayoongoza kwa mbali si kinga. Mimba zilizotoka katika miezi mitatu ya mwanzo zikipimwa, nusu yake au zaidi hukutwa na hitilafu ya kromosomu: moja imezidi, mara nyingi ile ya namba 16, au moja imepungua. Kwa kawaida kosa hilo huwa limeshatokea yai likipevuka, na baada ya hapo hakuna dawa wala kinga ya kulirekebisha. Ndiyo maana umri wa mama una uzito mkubwa namna ile. Takwimu za Norway zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha hatari ya mimba kutoka ikiwa asilimia 10 hivi kwa wenye miaka 25 hadi 29, na asilimia 53 kwa waliofikisha miaka 45 na zaidi. Naliweka hili mbele makusudi, maana kwenye vipeperushi vinavyotangaza vipimo vya kinga huwa silioni.

Sasa tuje kwenye kinga yenyewe, na hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu ni mojawapo ya mambo matamu kabisa katika biolojia.

Mwaka 1953 Peter Medawar, mwanasayansi wa Uingereza aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1960 kwa kazi yake juu ya mwili unavyokubali au kukataa viungo vya kupandikizwa, aliuliza swali ambalo bado linatushughulisha. Mtoto aliye tumboni amepata nusu ya vinasaba vyake kutoka kwa baba. Chukua kipande cha ngozi ya mtoto huyohuyo akishazaliwa, umpandikize mama yake: kinga ya mama itakikataa. Iweje basi mama huyo ambebe miezi tisa? Medawar alipendekeza majibu matatu. Labda kondo la nyuma linawatenga mama na mtoto kabisa. Labda mtoto ni mchanga mno, kinga haimtambui. Au labda kinga ya mama hulala wakati wa ujauzito.

Swali lilikuwa zuri kuliko majibu. Damu za mama na mtoto hazichanganyiki ovyo, ni kweli, lakini seli huvuka: mwaka 1996 Diana Bianchi na wenzake waliripoti kukuta seli za mtoto wa kiume katika damu ya mwanamke aliyekuwa amejifungua miaka 27 nyuma. Kinga ya mama pia humtambua mtoto vizuri tu. Wanawake wengi waliozaa hukutwa na kingamwili dhidi ya protini za upande wa baba. Na kuhusu kulala, wakunga mliopo hapa mnajua. Mjamzito akichomwa chanjo ya pepopunda, mwili wake hutengeneza kingamwili kama ya mtu mwingine yeyote, na sehemu yake humfikia mtoto. Kinga iliyolala haifanyi hivyo.

Jibu la kweli liko mahali padogo sana, pale kondo linapokutana na ukuta wa mji wa mimba. Seli za kondo zinazopenya ukutani huitwa trofoblasti. Seli nyingi za miili yetu hubeba juu yake vitambulisho vya kinga vinavyoitwa HLA, na vile vya aina A na B ndivyo vinavyowasha moto mkali zaidi kiungo cha mtu mwingine kinapopandikizwa. Trofoblasti hizi hazionyeshi A wala B. Zinaonyesha C, E, na kimoja ambacho ni nadra kukikuta kwingineko mwilini, HLA-G. Kwa maneno mengine, zinajitambulisha, ila zinachagua za kusema.

Zinajitambulisha kwa nani? Ukiweka chini ya hadubini kipande chembamba cha ukuta huo wa wiki ya nane au ya tisa, utaona kwanza seli kubwa za utando wenyewe, zimejaa sukari ya akiba. Kisha utaona duara: ni ateri ndogo iliyojipinda, imekatwa kwa upana wake. Kwa mwanamke asiye na mimba duara hilo lina ukuta mnene wa misuli. Hapa misuli imelegea na kuanza kuachana, trofoblasti zimeingia ndani ya ukuta, na nyingine zimejazana katikati mpaka zimeziba tundu. Kuizunguka ateri hiyo zimetapakaa seli ndogondogo za mviringo zenye punje ndani yake. Hizo ni seli za NK za mji wa mimba; NK ni kifupi cha Kiingereza cha "natural killer", yaani wauaji wa asili. Katika miezi mitatu ya mwanzo hufikia asilimia 70 hivi ya chembe nyeupe zote zilizopo hapo.

Mtu akiona seli za kinga zimejazana kiasi hicho palipo na mimba, wazo la kwanza ni kwamba mama anamshambulia mwanawe. Kumbe ziko kwenye ujenzi. Zinatoa kemikali zinazosaidia kuilegeza ateri ili iwe mfereji mpana, usioweza tena kubana. Kadiri wiki zinavyokwenda, kati ya wiki ya 10 na ya 12, vile vizibo vya trofoblasti hulegea na damu ya mama huanza kumiminika kwa wingi upande wa kondo. Mfereji usipopanuka vya kutosha, gharama yake hulipwa baadaye: mtoto asiyekua vizuri, au lile shinikizo la damu la ujauzito linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba.

Kikundi cha Ashley Moffett huko Cambridge kilifuatilia jinsi seli hizi zinavyosoma HLA-C ya trofoblasti, na mwaka 2004 wakaonyesha jambo lililowashangaza wengi. Baadhi ya wanawake hurithi vipokezi ambavyo, vikikutana na aina fulani ya HLA-C ya mtoto, huzizuia seli za NK kwa nguvu mno. Ni wanawake hao waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya shinikizo la ujauzito. Shikeni hapo, kwa sababu nitarudi kulitumia: madhara yalitokana na seli za kinga kutulizwa kupita kiasi.

Kuna watendaji wengine. Kuna seli T za kudhibiti, ambazo kazi yake ni kuzizuia seli nyingine zisivuke mpaka. Mwaka 2004 watafiti walipowaondolea panya jike seli hizo, mimba walizopata kwa madume wa ukoo mwingine ziliharibika, na zile za madume wa ukoo wao zikasalimika. Kuna saitokini, yaani kemikali ambazo seli za kinga hutumia kupeana habari. Mwaka 1993 Thomas Wegmann na wenzake walipendekeza kanuni nyepesi: saitokini za kundi moja huchochea uvimbe na kuharibu mimba, za kundi la pili hutuliza na kuilinda. Kanuni hiyo ilipendwa sana, na bado utaisikia. Shida ni kwamba mimba haikuifuata. Kiinitete kinapojipandikiza, ukuta wa mji wa mimba uko katika hali ya uvimbe, na bila uvimbe huo hakishiki. Kisha hufuata kipindi kirefu cha utulivu. Uchungu unapokaribia, uvimbe hurudi. Kwa hiyo ukiniuliza kama saitokini fulani ni nzuri au mbaya, itabidi nami nikuulize: wiki ya ngapi?

Sasa tufungue karatasi za maabara.

Ninazoletewa zinafanana. Karatasi ina safu tatu: jina la kipimo, matokeo, kiwango cha kawaida. Katikati kuna mstari umekolezwa wino. Seli za NK, asilimia 17. Kiwango cha kawaida, chini ya 12. Pembeni mshale unaoelekea juu. Mama ameukunja ule mstari kwa kidole mpaka karatasi imechakaa hapo tu. Swali lake huwa moja: "Daktari, ina maana mwili wangu ndio unaomuua mwanangu?"

Jibu ni hapana, na sababu zake ziko ndani ya karatasi ileile. Kwanza, watu wazima wenye afya njema kabisa huwa na seli za NK katika damu kuanzia asilimia 5 mpaka 29. Mpaka wa 12 uliwekwa na watu, haukutokana na mimba kuanza kuharibika mtu akivuka hapo. Pili, idadi hiyo hupanda na kushuka kwa mambo ya kawaida. Panda ngazi haraka kabla ya kutolewa damu, itapanda. Ingia maabara ukiwa na hofu ya sindano, itapanda pia. Tatu, na hili ndilo zito, seli za NK za damu inayotolewa mkononi si zile za mji wa mimba. Sehemu kubwa ya zile za kwenye damu, kama tisa katika kumi, ni za aina nyingine kabisa, zenye kazi ya kuua seli zilizoingiwa na virusi. Kuzihesabu ili ujue kinachoendelea kando ya ile ateri niliyowaeleza ni kupima kitu kingine. Na hata kama tungechukua kipande cha utando wa mji wa mimba chenyewe, na wapo wanaofanya hivyo, bado hatujakubaliana idadi ipi ni nyingi, ya siku gani ya mzunguko, kwa njia ipi ya kuhesabu. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, ESHRE, haupendekezi kipimo hiki nje ya utafiti. Naunga mkono.

Kuna tatizo la pili, ambalo binafsi naliona ni kubwa kuliko la NK, ila halizungumzwi vya kutosha: damu ilitolewa lini?

Fikirieni mama anayekuja anatokwa damu, na kwa hesabu ya hedhi yake ni wiki ya tisa. Tunafanya altrasaundi. Kiinitete kina ukubwa wa wiki ya saba na moyo haupigi. Maana yake kilikoma kukua kama wiki mbili zilizopita. Kwa wiki mbili hizo mwili wa mama umekuwa ukikabiliana na tishu inayokufa, na kazi ya kinga ni hiyohiyo: kusafisha. Siku hiyo tukipima damu tutakuta viashiria vya uvimbe viko juu, seli za kudhibiti zimepungua, na tutachora jedwali zuri la kulinganisha na wajawazito wenye afya. Tofauti itaonekana wazi, na itakuwa ya kweli. Lakini imetuambia nini? Waswahili wamesema dalili ya mvua ni mawingu. Hapa tumeyapiga picha matope na kuyaita mawingu. Tafiti nyingi za viashiria vya kinga katika mimba zilizotoka zimefanywa kwa namna hii, kwa sababu ndiyo rahisi: mgonjwa amekuja mwenyewe. Utafiti unaoweza kutusaidia ni ule unaochukua damu mapema, kiinitete kikiwa hai na moyo wake umeonekana, kisha unangoja kuona nani atafika salama. Tena unapima kromosomu za mimba zilizotoka, ili zile zilizoharibika tangu kwenye yai zisichanganywe na hesabu. Tafiti za namna hiyo ni chache na ni za gharama.

Tuseme basi umepata kiashiria kizuri, kimepimwa kwa wakati, na kweli kinatangulia. Bado hesabu ina lake. Nitatumia namba za kubuni, ila za kawaida. Wajawazito 1,000 wanapimwa, na 150 kati yao watapoteza mimba. Kipimo kinakamata 70 katika kila 100 ya hao, na kinawapa nafuu ya kweli 70 katika kila 100 ya wale ambao mimba zao ziko salama. Kwenye matangazo kitaitwa kipimo cha kuaminika. Kati ya wale 150, kitawataja 105. Kati ya 850 waliobaki, kitawatisha 255 bure. Kwa hiyo walioambiwa wako hatarini ni 360, na zaidi ya theluthi mbili yao wangejifungua bila shida. Hao 255 watalala vipi mpaka wiki ya kumi na mbili? Na ukishawaambia, utawapa nini?

Swali hilo la mwisho limejaribiwa kujibiwa, na historia yake si ya kujivunia. Miaka ya 1980 ilienea tiba ya kumchoma mama chembe nyeupe za damu ya mumewe, ili kinga yake izizoee. Ripoti ya kwanza iliyowapa watu moyo ilitoka mwaka 1985. Ilichukua mpaka mwaka 1999 kwa Carole Ober na wenzake kuwagawa wanawake kwa bahati nasibu na kulinganisha ipasavyo: waliochomwa chembe za mume walifanikiwa asilimia 46, na waliochomwa maji ya chumvi tu asilimia 65. Tiba iliyokuwa ikifanywa kwa miaka mingi haikuwasaidia, na huenda iliwaumiza. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatamka kwamba isitolewe nje ya utafiti ulioruhusiwa rasmi.

Wengine wakageukia dawa za kuishusha kinga. Mwaka 1997 Carl Laskin na wenzake wa Canada walichapisha jaribio la prednisoni pamoja na aspirini kwa wanawake 202 waliokuwa wamepoteza mimba mara kwa mara na wakakutwa na kingamwili za kushambulia mwili wao wenyewe. Waliopata watoto hai walikuwa asilimia 65 kwa waliotumia dawa na 56 kwa wasiotumia, tofauti ambayo kitakwimu ingeweza kuwa bahati tu. Lakini waliojifungua kabla ya wakati walikuwa asilimia 62 dhidi ya 12. Kisukari na shinikizo la damu navyo viliongezeka. Ndipo nawarudisha kwenye ile habari ya Cambridge. Ukishajua kwamba seli za kinga zinajenga ateri, na kwamba kiinitete kinahitaji uvimbe ili kishike, wazo la kumpa kila mama dawa ya kuituliza kinga linaanza kutia shaka hata kabla ya kuangalia takwimu.

Kwenye tezi ya thairoidi hali si mbaya hivyo, ila matokeo yalikatisha tamaa. Wanawake wenye kingamwili dhidi ya tezi hiyo hupoteza mimba zaidi ya wasio nazo. Hilo limeonekana mara nyingi. Mwaka 2019 jaribio kubwa la Uingereza liitwalo TABLET lilichukua wanawake 952 wenye kingamwili hizo ambao tezi zao zilikuwa zinafanya kazi sawasawa. Nusu walipewa levothairoksini, yaani homoni ya tezi hiyo kwa vidonge, nusu vidonge visivyo na dawa. Waliojifungua watoto hai: asilimia 37.4 na 37.9. Kiashiria ni cha kweli, uhusiano ni wa kweli, na dawa haikubadilisha kitu. Kupima kama tezi yenyewe inafanya kazi ni suala tofauti. Ikiwa imelegea, itibiwe.

Sasa kile nilichowaahidi mwanzoni.

Mwaka 1983 daktari Graham Hughes wa London alieleza ugonjwa ambao leo tunauita ugonjwa wa kingamwili za fosfolipidi. Mwili hutengeneza kingamwili zinazoshika protini zilizojibandika kwenye mafuta ya kuta za seli. Mgonjwa anaweza kuganda damu kwenye mguu, kwenye mapafu au kwenye ubongo akiwa bado kijana. Anaweza pia kupoteza mimba baada ya mimba. Kati ya wanawake wanaopoteza mimba mara kwa mara, kama 15 katika 100 hukutwa nazo. Vipimo ni vitatu na vyote ni vya damu: kizuia-mgando cha lupasi, kingamwili za kadiolipini, na kingamwili za beta-2 glaikoprotini.

Kipimo kimoja hakitoshi. Maambukizi ya kawaida, hata homa ya virusi, yanaweza kuzipandisha kingamwili hizi kwa muda kisha zikashuka zenyewe. Ndiyo maana sheria inasema kirudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, na kikiwa juu mara zote mbili ndipo tuzungumze ugonjwa. Nimeona akina mama walioanzishwa sindano za kila siku kwa kipimo cha mara moja. Nimeona pia, na hili linaniuma zaidi, akina mama waliopimwa saitokini kumi na mbili kwa fedha nyingi na hawajapimwa hivi vitatu.

Tiba yake ni aspirini kidogo pamoja na sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mwaka 1997 Raj Rai na wenzake wa London waliwagawa wanawake 90 wenye kingamwili hizo: waliopata aspirini peke yake walijifungua watoto hai asilimia 42, na waliopata vyote viwili asilimia 71. Heparini haivuki kondo, kwa hiyo haimfikii mtoto. Kwa muda mrefu tulidhani inasaidia kwa kuzuia damu kuganda kwenye kondo tu. Kumbe kuna zaidi. Mwaka 2004 Guillermina Girardi, Jane Salmon na wenzao walionyesha kwa panya kwamba kingamwili hizi huamsha mfumo wa protini za kinga unaoitwa komplimenti, na kwamba heparini huufunga mfumo huo. Dawa nyingine za kuzuia mgando, ambazo hazikuugusa mfumo huo, hazikuziokoa mimba. Hapa kiashiria, sababu na tiba vimekaa kwenye mstari mmoja, na ni nadra kuona hivyo katika fani yetu.

Wakati wa mapumziko dada mmoja aliniuliza kuhusu projesteroni, homoni inayoitunza mimba, kwa kuwa nayo hutuliza kinga. Ni kweli hutuliza, ingawa kazi zake ni nyingi. Jaribio la PRISM la mwaka 2019, lenye wanawake 4,153 waliokuwa wakitokwa damu katika mimba changa, lilikuta tofauti ndogo kwa ujumla: waliojifungua watoto hai walikuwa asilimia 75 kwa waliopewa projesteroni dhidi ya 72 kwa wasiopewa. Lakini kwa wale waliokuwa wakitokwa damu na walishapoteza mimba tatu au zaidi, ilikuwa asilimia 72 dhidi ya 57. Kwa hiyo naitoa kwa mama anayetokwa damu na mwenye historia hiyo. Anayetaka kuitumia bila kutokwa damu, eti kwa sababu saitokini zake "hazijakaa sawa", nitamwambia sina ushahidi wa kumpa.

Mwingine aliuliza habari za kingamwili za kutundikiwa mshipani. Tafiti nyingi hazikuonyesha faida. Ila kuna jaribio la Japan la mwaka 2022, kwa wanawake 99 waliopoteza mimba nne au zaidi bila sababu kujulikana, ambao nusu yao hivi walipewa kiasi kikubwa siku tano mfululizo mara mimba ilipogundulika. Waliojifungua watoto hai walikuwa asilimia 58 kwa waliopewa dhidi ya 35 kwa wasiopewa. Ni wanawake wachache, na dawa ni ghali na ina madhara yake, kwa hiyo siitoi. Lakini siipuuzi pia, na mtu akilirudia jaribio hilo kwa wanawake wengi zaidi nitakuwa wa kwanza kuyasoma matokeo.

Kwa wenza waliopoteza mimba mbili au zaidi, naomba mkifika kliniki muulizie mambo haya: vile vipimo vitatu vya fosfolipidi, na tarehe ya kuvirudia, utendaji wa tezi ya thairoidi, umbo la mji wa mimba, na kama tishu ya mimba ya mwisho inaweza kupimwa kromosomu. Mtu akiwaongezea kipimo kingine cha kinga juu ya hivyo, mwulizeni kikitoka juu atafanya nini, na jaribio gani limeonyesha kwamba hilo analotaka kufanya linaongeza watoto wanaozaliwa hai. Akijibu vizuri, pimeni. Na kwa wale ambao vipimo vyote vimetoka safi: utafiti wa Brigham na wenzake wa mwaka 1999 uliwafuatilia wanawake wa aina yenu, ambao sababu haikuonekana, wakihudumiwa kwa karibu katika mimba iliyofuata bila dawa yoyote ya kinga, na karibu robo tatu ya mimba zao zilivuka salama.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Tuchukue maswali, na naomba wakunga waanze, kwa sababu akina mama huwaambia ninyi mambo ambayo sisi huku hatuyasikii.